Chupa za Chumba cha Giza: Mnauliza, Ninajibu

Nina chupa tatu tu za dawa za kusafishia filamu ya kamera: divelopa ya kutoa picha, stopu ya kuisimamisha divelopa, na fiksa ya kuidumisha picha. Nazijua kwa sura. Kuna haja ya kuziandika?

Ipo. Mimi pia nilizijua kwa sura, hadi siku niliposafisha filamu ya harusi ya dada yangu. Chupa mbili za kahawia, za lita moja moja, zilikuwa bega kwa bega. Nikatangulia kumimina fiksa. Fiksa huyeyusha fedha yote ambayo divelopa haijaigeuza kuwa picha, na siku ile ilikuwa haijageuza hata chembe. Nilipofungua tangi la kusafishia filamu nikavuta utepe mtupu, unaona ukuta upande wa pili. Hata namba za kiwandani za pembeni mwa filamu hazikuwepo. Harusi hairudiwi.

Kwenye lebo niandike nini?

Jina la dawa, tarehe uliyoichanganya, na kama ni nzito au umeizimua, kwa kipimo gani. Kuandika "D-76", ambayo ni aina ya divelopa, peke yake hakutoshi, maana nzito na iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu zina dakika tofauti za kusafishia, na iliyozimuliwa hutumika mara moja ikamwagwa. Ile nzito hukaa miezi 6 kwenye chupa iliyojaa na kufungwa barabara, ila miezi 2 tu chupa ikiwa nusu, kwa sababu hewa iliyo juu yake huichosha.

Kwenye fiksa, chora kijiti kila filamu inapopita. Pia, siku ya kwanza, tumbukiza kipande cha filamu ambacho hakijasafishwa, hesabu sekunde hadi kiwe angavu, uziandike papo hapo. Siku kipande kingine kikichukua mara mbili ya muda huo, fiksa imekwisha.

Niliandika kwa wino mwekundu. Taa nyekundu ikiwaka sioni neno. Macho yangu yana kasoro?

Macho yako mazima. Chini ya taa ile karatasi nyeupe na wino mwekundu hurudisha mwanga uleule, maandishi yakamezwa. Tumia penseli nyeusi kwenye tepu ya karatasi, herufi kubwa. Penseli haichujuki dawa ikichuruzika shingoni mwa chupa. Kwa giza totoro, fungia chupa mipira ya manila: mmoja divelopa, miwili stopu, mitatu fiksa. Andika vifuniko pia, kwani matone machache ya fiksa yanaweza kuiharibu divelopa.

Mama hunikusanyia chupa za soda na za maji. Nikiandika SUMU si inatosha?

Haitoshi, mdogo wangu. Mtoto asiyejua kusoma ataona soda, na mgeni mwenye kiu usiku hatasoma. Divelopa mpya haina rangi, kama maji; ikizeeka inafanana na chai ya rangi. Mshukuru mama, lakini chupa hizo zipe kazi nyingine. Tafuta chupa ambazo hakuna anayezidhania kinywaji, andika SUMU, chora na fuvu, kisha zifungie kabatini kwa kufuli.

Tumekuta chupa isiyo na lebo kwenye chumba cha klabu yetu. Tuijaribu?

Msiijaribu kwenye filamu, msiinuse, wala msiichanganye na nyingine. Asidi ikikutana na fiksa hutoa gesi kali inayochoma koo. Ibandikeni leo hii "HAIJULIKANI" pamoja na tarehe, muitenge, kisha muulizane. Aliyeichanganya huenda bado ni mwanachama. Asipopatikana, ulizieni maabara iliyo karibu nanyi namna ya kuitupa, wala isimwagwe kwenye sinki.