Kwa nini kocha hamtoi mrushaji aliyechoka?

Ndugu, umeuliza kama besiboli ya vyuo Marekani ina kikomo cha mipira anayorusha mchezaji katika mechi moja. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, haijaweka, anayeamua ni kocha, na hapo ndipo roho inaponiuma. Mwaka 2009 timu za vyuo vya Texas na Boston College zilicheza vipindi 25 badala ya 9. Austin Wood, mrushaji wa Texas, aliingia kutoka benchi akarusha vipindi 13, mipira 169! Texas walishinda 3-2, sawa, lakini bega lile ni la kijana. Pitch Smart, mwongozo wa Marekani wa kulinda mikono ya warushaji vijana, kwa wenye miaka 19 hadi 22 unaishia mipira 120. Hata timu yangu, Ijumaa kocha alimwacha kijana uwanjani mpaka kasi ikamwishia kabisa, na wenzake wawili walishapasha misuli zamani. Hasira bado ninazo.