Jibu: Je, ninunue jostiki ya akedi ya bei ya chini?

Ndugu, umeuliza kama ile jostiki ya akedi (boksi lenye mpini na vitufe vikubwa) ya bei rahisi uliyoiona Kikuubo, sokoni Kampala, itakufaa kwa michezo ya mapigano kwenye PS4, mashine ya michezo ya Sony, na kompyuta. Kwenye kompyuta, ndiyo, kwa kuanzia. Kwenye PS4 uwe mwangalifu sana: isiyo na leseni ya Sony hukatika kila baada ya dakika 8 hivi, na ikikatika katikati ya raundi umekwisha. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela, na akubali uijaribu palepale kwa zaidi ya dakika hizo.

Udhaifu mkubwa uko kwenye mpini. Swichi zake ni duni, haurudi katikati upesi, na pembe za mshazari hazishiki vizuri. Kwa hiyo robo duara (kuzungusha mpini robo ya mzunguko ili kutoa pigo maalumu) unayoikusudia inatoka kama kuruka, nawe unadhani ni mkono wako. Vitufe navyo huwa vigumu, vingine havisikii ukivigusa kwa wepesi.

Boksi likiwa jepesi litateleza mapajani. Hilo mpira chini yake hutibu.

Mimi ningefungua kifuniko kwanza. Ukikuta matundu ya vitufe ni milimita 30 na mpini una nafasi ya kutosha, nunua, kisha uagize vipuri vya Sanwa, kampuni ya Kijapani, kidogokidogo: mpini wa JLF kwanza, vitufe vya OBSF-30 baadaye. Nyaya zikiwa zimelehemiwa moja kwa moja, fundi yeyote mzuri wa simu atazibadilisha. Matundu yakiwa madogo, achana nayo, kaka.