Jibu: Yule aliyecheza Fredo alipotelea wapi?

Mkuu, umeuliza yule aliyecheza Fredo kwenye filamu ya The Godfather alipotelea wapi, mbona humwoni kwenye filamu za miaka ya themanini. Hakupotea, alifariki. Ni John Cazale, mzaliwa wa Revere, Massachusetts, 1935. Saratani ya mapafu ilimchukua Machi 1978 akiwa na miaka 42.

Filamu zake ndefu ni 5 tu. Zote 5 ziliwania Oscar ya filamu bora, 3 zikashinda. Yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja, na mimi jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Hebu rudia The Godfather, pale baba yake Fredo anapopigwa risasi kwenye genge la matunda. Fredo anababaika na bastola, inamponyoka, kisha anakaa chini ukingoni mwa barabara akilia kama mtoto. Kazi yote ni mikono na uso.

Halafu tafuta Dog Day Afternoon ya 1975. Cazale na Al Pacino wamevamia benki, Pacino anamwuliza angependa kukimbilia nchi gani. Anajibu kwa uso mkavu: Wyoming. (Hilo ni jimbo la Marekani hukohuko!) Jibu hilo halikuwa kwenye maandishi, alilitoa kichwani papo hapo.

The Deer Hunter aliifanya tayari anaumwa, ikabidi sehemu zake zirekodiwe kwanza. Mpenzi wake Meryl Streep, aliyekuwa naye kwenye filamu hiyo, ndiye aliyemwuguza. Filamu ilipotoka, Cazale alikuwa ameshazikwa.