Kobe mchanga hakaushwi: kwa nyinyi mnaoanza kufuga huku kwenye baridi

Wiki hii nimetumiwa picha na vijana wanne, hawajuani hata kidogo, na picha zote kama ni moja: tangi la kioo liko wazi juu, balbu nyekundu, haigromita (kile kipima unyevu wa hewa) ya sindano imebandikwa kwenye kioo, na katikati sulkata, yule kobe mkubwa wa Afrika, wa miezi miwili kafumba macho. Swali nalo ni moja, "mbona hali chakula?" Jamani. Nawapenda na kobe wenu nawapenda, ndio maana leo nakaa chini naandika yote mara moja, maana nimechoka kuyajibu haya kila Januari.

1. Joto na unyevu usivitenganishe. Hewa ya hapa Minneapolis, Marekani, ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri inabeba kama gramu 1 tu ya maji kwa kila mita ya ujazo, sasa ikiingia ndani hita ikaipasha mpaka 22 ile gramu ni ile ile moja, wakati hewa ya joto hilo inaweza kubeba karibu gramu 19. Pigeni hesabu, ni kama asilimia 5. Halafu wewe unaichukua hewa hiyo unaiongezea balbu. Nani hapa hajawahi kupika wali? Sufuria ikiwa wazi na moto unaongeza, chini unaungua juu unabaki kiini, ndio maana mama zetu wanafunika na kuupalia makaa juu. Kobe naye anataka kufunikwa, siyo kuongezewa kuni.

2. Haigromita ya sindano itoeni leo. Hapa nitakaa kidogo maana hili limenigharimu.

Kobe wangu Somoe nilimpata mwezi wa kumi, mdogo anaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki. Niliambiwa mapema unyevu uwe asilimia 80 kwa hiyo siwezi kusema sikujua, nikanunua kile kisaa cha sindano, nikapuliza maji, sindano ikasimama 70, nikaona bado kidogo tu tutafika. Desemba usiku ukaanza kuwa baridi nikabadilisha balbu ya wati 60 nikaweka ya 100, baadaye nikaongeza nyingine pembeni, na kila nikichungulia sindano iko 70 nami naridhika. Januari akaanza kuacha kula. Nikadhani anaona baridi, nikaisogeza taa karibu zaidi. Macho yakavimba, mkojo ukawa unatoka chembechembe ngumu kama chokaa, na ukimnyanyua unahisi mwepesi kuliko wiki iliyopita. Mnyama anakauka mbele ya macho yangu na mimi namkausha zaidi kwa mkono wangu, na moyoni najua namhudumia.

Daktari akaniuliza unyevu ni ngapi, nikamwambia 70 kwa kujiamini kabisa, akaniomba nikilete hicho kifaa. Nikakibandua nikaenda nacho. Ndani ya gari kinasema 70. Nje kwenye theluji 70. Niliporudi nikakiweka bafuni nimefungulia maji ya moto mpaka kioo hakionyeshi uso, 70. Nikanunua ya dijitali usiku ule ule, nikaiweka kwenye tangi: 19. Yule mtoto alikuwa ameishi kwenye hewa ya namna ile karibu miezi mitatu.

Tulimlowesha kwenye maji ya uvuguvugu kila siku, nusu saa, maji yanafika kidevuni. Siku ya kwanza alitumbukiza kichwa akanywa na kunywa, sikuthubutu kupumua. Alipona, sasa ni jitu linasukuma milango, lakini vilima vilivyomwota kwenye gamba kwa ule ukavu havitaondoka, gamba likishaota piramidi halirudi chini, kinachoota baadaye ndicho kitakuwa laini. Na msiniambie ni protini ya chakula, utafiti uliochapishwa 2003 kwa sulkata wachanga ulionyesha ukavu ndio unaoinua vilima, protini mchango wake ni mdogo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nimekulia Tanga shambani, na kobe tulikuwa tunamwona lini? Siku mvua imenyesha! Na huyu sulkata anayeitwa wa jangwani, kwao Sahel, Mali, Sudan huko, jua likiwa kali anashuka kwenye shimo alilochimba mwenyewe, na chini kule udongo una ubaridi na unyevu. Wachanga msimu wao ni wa mvua.

Kupima ya dijitali: chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ilowe kama matope lakini isielee maji, fungia pamoja na haigromita kwenye mfuko usiopitisha hewa, usiku kucha. Isome 75. Ikisoma 70 basi ina upungufu wa 5, unajumlisha, umemaliza.

3. Funika juu. Joto litoke kwenye balbu ya kauri yenye themostati (kifaa cha kuwasha na kuzima joto lenyewe), na soketi yake iwe ya kauri pia, ya plastiki inayeyuka.

4. Sensa, yaani kile kipima joto cha themostati, ifungwe imara usawa wa mgongo wa kobe. Ikianguka nje ya boksi itasoma baridi ya chumba na kuchoma usiku kucha.

5. Chini tandika makumbi ya nazi. Hapa naona watu wa pwani wenzangu wananunua matofali ya makumbi dola kumi na kitu, roho inauma, nyumbani tunayachomea moto. Nunueni tu. Mwaga maji ya moto kidogo pembeni, yashuke chini, juu pabaki pakavu kiasi ili tumbo la gamba lisioze. Kupuliza puliza peke yake ni kujichosha.

6. Maji na baridi pamoja ndiyo yanaua mapafu. Maji na joto hapana. Ukiona mapovu puani usiondoe maji, pandisha joto na nenda kwa daktari.

7. Ule msemo wa wafugaji "themanini kwa themanini", yaani joto 80 na unyevu asilimia 80, joto lake ni Farenhaiti! Mwenzetu mmoja mgeni kabisa alihangaika duka zima anatafuta themostati ya kufika 80 za selsiasi, mtoto wa watu alitaka kutupikia supu. Ni 27 hivi, isishuke hapo hata usiku akiwa mchanga, na mahali pa kuota taa 35 mpaka 38. Taa ya UVB, ile ya miale kama ya jua, isiwekwe nyuma ya kioo, miale haipenyi.

Nyinyi wanne, chumvi usiku huu. Kesho jioni nitumieni namba mnazozisoma, nami nikitoka kazini nitampigia mmoja mmoja.