Mwenyekiti wa kamati ya shule: nisaini au nisisaini?

SWALI: Shikamoo. Mwezi Machi wazazi walinichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ya msingi, shule ndogo ya kijijini yenye wanafunzi 312. Nilidhani kazi ni kuongoza vikao basi. Juzi mwalimu mkuu alinifuata dukani na muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, akaniambia nisaini tu, halmashauri wanausubiri. Huku nako wazazi waliotoa mahindi ya uji wameanza kusema kamati imekula. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu mwenyekiti, na pole kwa kazi isiyo na posho.

Huo muhtasari usiusaini. Sisemi mwalimu mkuu ni mwizi. Mara nyingi amebanwa tu, fedha zimeingia na malipo yanadai kikao cha kuyaidhinisha. Ila mkaguzi akija hamuulizi mtu, anafungua faili, na sahihi atakayoikuta ni yako. Nimekagua hesabu za shule miaka mingi. Kuna faili nilikuta mihtasari mitatu ya miezi tofauti: vikao vyote vilifunguliwa saa 4:00 asubuhi na kufungwa saa 6:15 mchana, wajumbe walewale kwa mpangilio uleule, kalamu ileile inayovuja wino. Mwenyekiti alikuwa mkulima, hakugusa hata shilingi. Hoja ya ukaguzi ilimfuata shambani.

Kamwone mwalimu mkuu mkiwa wawili, maana yeye ndiye katibu wako na bado mna safari ndefu. Mwambie aite kikao cha dharura kesho. Akidi ikitimia, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, nusu saa inatosha. Aje na taarifa ya benki mkononi, si maelezo ya mdomo.

Na usiogope hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imekuwa ikipigwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 huja shuleni, 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Kwa watoto 312 ni 1,872,000, yaani 156,000 kwa mwezi. Ndiyo chaki, mitihani ya majaribio na bawaba za madirisha, zote humo. Ukiijua namba hiyo kichwani, fedha ikiingia pungufu au ikizidi utaona mwenyewe bila kusubiri kuambiwa. Ibandikeni kwenye ubao wa matangazo, mapato na matumizi.

Siku mkiletewa fedha za darasa mjenge kwa mafundi wa hapohapo, mifuko ya saruji ihesabiwe ingali kwenye gari. Ikishaingia stoo na kuchanganyika na ya zamani, hakuna atakayejua 100 ilikuwa 100 au 80.

Sasa mahindi, ambayo ndiyo yatakayokunyima usingizi kuliko fedha. Elimu ya msingi haina ada. Chakula ni makubaliano ya wazazi, kwa hiyo uwepo muhtasari wa mkutano wa wazazi wenyewe, na mtoto ambaye kwao hawajatoa asirudishwe nyumbani. Mahindi yasilale kwako hata usiku mmoja, hata kama stoo ya shule ina panya. Wekeni daftari: upande mmoja mzazi, debe alizoleta na sahihi yake, upande wa pili kilo alizokabidhiwa mpishi kila siku.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Gunia la kilo 100 likikobolewa kwa ajili ya sembe halirudi na kilo 100 za unga. Pumba zinaondoka na uzito wake. Mzazi aliyehesabu magunia yanayoingia akaona unga unaotoka, lazima aseme mmekula. Pimeni kabla ya mashine na baada ya mashine, pumba nazo zipimwe na ziandikwe zimekwenda wapi. Anayelalamika kuliko wote, mpeni yeye kazi ya kusoma mizani.