Ukitaka kufika nyumba za mkonge zilizoachwa, fuata maji

Kila nikionyesha watu picha za magofu ya mashamba ya mkonge huku Tanga, swali ni lile lile: "Nitumie lokesheni." Situmi, wala si uchoyo. Ramani ya simu itakuonyesha nyumba ilipo, lakini haitakuambia kwamba kati yako na nyumba hiyo kuna mkonge uliotelekezwa miaka mingi, majani yamefumana na kila ncha ni sindano. Mita mia tatu za humo ndani zinachosha kuliko kilometa kadhaa za barabara ya vumbi.

Kinachosaidia ni kujua shamba la mkonge lilivyopangwa. Zao hili liliingia mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli iliyoanzia Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakaifuata. Kwa hiyo ukanda wa kutafuta magofu ni huo: Muheza kwenda Korogwe, pamoja na upande wa pwani kuelekea Pangani.

Sasa, jani la mkonge lina nyuzi kama asilimia nne tu ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi, na kuyatoa makapi hayo korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ilihitaji maji mengi mno. Ndiyo maana korona ilijengwa bondeni, penye mto au bwawa. Nyumba ya meneja iliwekwa juu ya kilima, ipate upepo na imwone kila mtu. Kambi za manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotoka Kigoma, Njombe na hata Msumbiji, zilikaa mbali kidogo na nyumba hiyo, vyumba vimepangwa mstari mmoja kama mabehewa.

Ukishalijua hilo, anza bondeni. Tafuta mto, utaona sakafu ya zege na mitaro ya kupitishia makapi. Kutoka hapo fuata tuta la reli ndogo ya matroli. Vyuma vilishang'olewa zamani, lakini tuta limebaki na halina miinuko mikali, maana lilijengwa kwa ajili ya mizigo. Halafu inua macho utafute miembe. Ukiona miembe imesimama safu moja iliyonyooka, ujue hapo palikuwa na barabara ya kupandia kwa bwana mkubwa. Mimi naifuata miembe hata kama njia ya mkato inaonekana, kwa sababu chini yake kuna kivuli, na safari ya nyika unaipima kwa vivuli.

Nenda kati ya mwezi wa saba na wa tisa. Masika yamekwisha, kusi inavuma, udongo mweusi umekauka na bodaboda inapita. Wakati wa kaskazi jua linakuwa kali kuanzia saa tatu. Anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi, na saa tano iwe imekukuta tayari umegeuza. Maji lita tatu kwa kila mtu, ukiweka akilini kwamba visima vya kule huenda vimefukiwa. Chakula kisikusumbue: mihogo ya kuchemsha na machungwa ya Muheza yanatosha kabisa.

Ila miezi hiyo hiyo mizuri ndiyo ya upupu. Hapa nasisitiza, maana wageni wanaogopa nyoka halafu wanaangushwa na upupu. Maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu, yakikauka yanapeperuka kwa upepo, na yanapenda sana mahame. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Ukiguswa usikune, na usipangusie leso halafu ukaitumia usoni. Wenyeji niliotembea nao hujipaka majivu au udongo mkavu, wakaupukuta pamoja na manyoya yake. Bukta iache kwa ajili ya ufukwe wa Raskazone, Tanga mjini.

Nyoka nao wapo. Panya na popo wanapenda magofu, na nyoka anafuata chakula. Kanyaga kwa kishindo, usitie mkono usipoona, na usiruke gogo au ukuta ulioanguka bila kuchungulia upande wa pili, kwa sababu moma, yule nyoka mnene mwenye sumu, hakimbii mtu, analala tu. Mtu akiumwa, msimchanje, msimfyonze, wala msimfunge kamba ya kubana. Avuliwe viatu na bangili, mguu utulizwe usichezeshwe, apelekwe hospitali moja kwa moja.

Ukifika, simama nje kwanza usikilize. Nyuki hukaa darini, na jua likipanda wanakuwa wakali. Ukisikia mvumo, piga picha ukiwa uani, inatosha. Sakafu za saruji za chini ni imara, ila za mbao usizikanyage. Pembeni ya nyumba ya meneja mara nyingi kuna tangi la kuvunia mvua, limezama ardhini na mfuniko umeoza chini ya majani, kwa hiyo tembea na fimbo na ugonge mbele yako. Vyumba vilivyojaa mavi ya popo jifunge kitambaa puani au usiingie, vumbi lile linadhuru mapafu.

Jambo jingine ni hili la "zimeachwa". Bei ya mkonge ilianguka baada ya kamba za nailoni kuingia sokoni, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na mengine yakafa polepole. Lakini yapo yaliyofufuliwa, na kwenye kambi nyingi wanaishi watoto na wajukuu wa manamba. Unaweza kudhani chumba ni gofu, kumbe ndani kuna jiko la mkaa na kuku. Piga hodi. Kabla ya hapo pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, au ofisi ya shamba kama linafanya kazi, ueleze unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Omba kijana wa kukuongoza na mkubaliane malipo mapema.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani kwake alinisalimu vizuri, akanitazama mkoba, akauliza: "Mjukuu wangu, umebeba nini humo?" Nikaufungua: maji, machungwa, kamera. Akacheka, akanipa mwanawe wa kunipeleka hadi korona. Swali lake lilikuwa na sababu. Wauza vyuma chakavu wamekata kila kitu kule, mpaka bolti za misingi, na mtu anayezunguka kwenye magofu bila kujitambulisha anahesabiwa mmoja wao. Kwa hiyo usiokote chochote, hata msumari, na usiende na nyundo wala msumeno. Panga la kufyekea abebe mwenyeji wako.