Droni ya jirani juu ya bustani: je, anga ni letu?

SWALI: Assalaam alaykum, wakili. Tunaishi Leicester, Uingereza. Bustani yetu ya nyuma ina uzio mrefu, na ndiyo mahali pekee pa nje ambapo mimi na binti zangu hukaa bila ushungi. Tangu joto lianze, karibu kila jioni droni ya jirani huja ikasimama juu yetu, kamera ikitazama chini. Mume wangu anasema anga lililo juu ya ardhi yetu ni letu, na anataka kuiangusha kwa jiwe. Ana haki hiyo?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Kwanza mwambie shemeji aweke jiwe chini. Kwa sheria ya Uingereza droni ni chombo cha anga. Kuivunja ni kuharibu mali ya mtu, kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1971, na kuihatarisha ikiwa angani ni kosa jingine. Leo ninyi ndio mliodhulumiwa. Akiitungua, polisi watamhoji yeye.

Suala la anga lilifika mahakamani mwaka 1977. Kampuni ya Skyviews ilipiga picha nyumba ya Lord Bernstein, huko Kent, kutoka kwenye ndege, kisha ikataka kumuuzia picha hiyo. Alishtaki kwamba ardhi yake imevamiwa, akashindwa. Jaji Griffiths alisema mwenye ardhi ana haki ya anga hadi kimo kile tu anachokihitaji kwa matumizi ya kawaida ya ardhi na majengo yake. Lakini hukumu hiyohiyo ina sehemu inayowahusu ninyi: mtu akiwekwa chini ya uangalizi wa mfululizo kutoka angani, kila anachofanya nyumbani kikipigwa picha, mahakama inaweza kuihesabu hiyo kuwa kero na kumpa nafuu.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi. Wenye fleti za vioo jirani na jumba la sanaa la Tate Modern, London, walilalamika kwamba wageni wa jumba hilo walikuwa wakiwachungulia na kuwapiga picha kutoka kwenye ukumbi wa kutazamia jiji. Majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba kutazamwa huko kupita kiasi kulikuwa kero kisheria. Kesi hiyo haikuhusu droni, lakini ningeitanguliza katika shauri lenu.

Kwa hiyo msilalamike kwamba amepita juu. Sheria ya usafiri wa anga ya mwaka 1982, kifungu cha 76, inamlinda anayeruka kwa kimo cha kuridhisha huku akifuata kanuni. Kinga hiyo ni ya kuruka kwenyewe tu. Lalamikeni kwamba anawachungulia, tena mara kwa mara. Sheria ya mwaka 1997 dhidi ya kumsumbua mtu nayo inataka tabia iliyorudiwa, angalau mara mbili.

Ndiyo maana daftari lina nguvu kuliko jiwe. Andikeni tarehe, saa iliyofika, ilisimama kwa muda gani, nani alikuwa bustanini. Irekodini kwa simu, na kama inawezekana ionekane ikirudi kwa jirani. Msiiweke video hiyo mitandaoni.

Ukubwa wake pia una maana. Droni ya chini ya gramu 250 inaruhusiwa kukaribia watu. Nyingi zilizo nzito zaidi hutakiwa kukaa angalau mita 50 kutoka kwa wasiohusika. Tangu Januari 2026, yenye kamera na uzito wa gramu 100 au zaidi lazima iwe na namba ya usajili ya mwendeshaji. Ikianguka kwenu, pigeni picha namba hiyo, kisha mrudishieni. Ikivunja kioo au paa, mwenyewe atalipa hata kama hamkuthibitisha uzembe.

Anzeni kwa kuzungumza naye, na mwambieni waziwazi kuhusu ushungi. Huenda hajui anachokiona kina uzito gani kwenu. Asiposikia, mpelekeeni barua yenye tarehe zote, mbaki na nakala. Akiendelea baada ya barua, pigeni simu polisi, namba 101, kisha mwoneni wakili wa hapo Leicester kuhusu zuio la mahakama, mkiwa na daftari na nakala ya barua.